Wajerumani wa Bergen na Jina Lako

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya mvua ambayo ikinijia hata sasa huwa naacha ninachofanya na kutazama dirishani. Utacheka ukisikia nakuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, sijaolewa, na darasani bado huitwa mara mbili kabla sijajibu. Lakini mama yako Clarisse ni yaya yangu, dada yangu mkubwa wa tumbo moja, na kwetu mtoto wa yaya ni mtoto wako. Mimi ni mama yako mdogo, na mama, hata akiwa mdogo namna gani, ana ruhusa ya kutoa nasaha. Sasa hivi wewe unajifunza kutembea kwa kushikashika viti na huna habari na mtu. Nakuandikia kwa ajili ya siku utakapokuwa na umri wangu, na labda na ugonjwa wangu, huu wa maneno kukwama kooni.

Mwaka ule wa tisini na saba tulikuwa tumebaki wawili nyumbani, Papa na mimi. Namsema babu yako. Tulikaa Anderlecht, hapa Bruseli, katika jengo refu la komini, yaani la manispaa, juu kabisa, mahali ambapo lifti ikiharibika ndipo unajua kwamba huna rafiki hata mmoja wa kukusaidia kubeba mfuko. Mama yetu alifariki Bukavu kabla hatujaondoka. Yaya Clarisse alikuwa amehamia Berchem-Sainte-Agathe kwa Didier, baba yako, kijana wa Lubumbashi ambaye huanza kucheka kabla hujamaliza kusema. Kitanda chake kilibaki chumbani mwangu, kimetandikwa. Siku nyingine nililala juu yake, ili changu ndicho kiwe kitupu.

Papa alitoka alfajiri kwenda kupakua masanduku kwenye depo moja karibu na mfereji, akarudi mchana, akala, akalala. Bukavu alikuwa mwalimu wa historia. Wanafunzi walimwogopa na walimwiga sauti. Huku hakuna aliyemwiga. Akiamka alifungua redio kutafuta habari za kwetu, na habari za kwetu zilikuwa vita. Basi anazima, na nyumba inakuwa kimya mpaka unasikia friji. Hatukuwa na ugomvi, mwanangu. Tulikosa tu la kusema.

Neno moja tulikuwa nalo: tukirudi. Pazia za nini, tukirudi tutamwachia nani? Meza ya kweli tutanunua tukirudi. Niliwahi kualikwa mara moja, mara moja tu, kwenye sherehe ya msichana wa darasa letu. Papa akasema urafiki wa hapa utaniliza bure siku tutakaporudi, na mimi na haya zangu nikafurahi kimoyomoyo kwa kupewa sababu ya kutokwenda. Niliamini kwamba maisha yetu yamewekwa mahali, yanatungoja, na kwamba hapa Bruseli tumesimama tu kwenye foleni.

Na wewe pia uliwekwa kwenye foleni hiyo.

Kwetu, mtoto ambaye mahari ya mama yake bado haijazungumzwa ni wa ukoo wa mama, na babu ndiye anayempa jina. Papa hakumchukia Didier. Alitaka mambo yaende yanavyokwenda: ndugu zake wakae chini, kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, izunguke, mahari iongelewe mpaka watu wachoke, kisha mtoto aletwe, apakatwe, aitwe. Sasa ndugu zake walikuwa Bukavu. Kwa hiyo mahari, tukirudi. Jina, tukirudi. Na kwa kuwa baba mkwe haingii nyumba ya kijana ambaye hawajamalizana, Papa hakuwa amekuona hata kwa jicho, na wewe tayari ulikuwa na meno. Komini walikuandika Grâce kwa sababu lazima waandike kitu, lakini mama yako alilichukua jina hilo kama unavyochukua namba ya tramu. Nyumbani uliitwa Bebe.

Nilikuja kwenu kila Jumatano, siku ambayo shule inafungwa mchana. Jumatano moja mama yako alikuwa anakubadilisha nepi, pini ya nywele imebanwa mdomoni, akaitoa na kuniambia:

"Aline, padri ametupa siku ya ubatizo. Jumapili moja baada ya ile inayokuja."

"Félicitations, hongera."

"Hapana félicitations. Unisikilize. Siku ile Bebe lazima awe na jina la kwetu. Papa akikataa kulitoa, papa ya Didier atalitoa. Mzee iko tayari. Kila akipiga simu toka Lubumbashi anauliza: alors, ule mutoto ni wetu ama ni wa nani?"

"Hakukataa, yaya. Anasema tukirudi."

"Tukirudi, tukirudi! Mutoto atakuwa na mandevu na mi namwitaka Bebe. Umwambie Papa."

"Mwambie wewe."

"Mi akinisikia tu kwa simu anaanza na mahari. Wewe atakusikiliza."

"Mimi sisemaki kitu."

"Njo maana atakusikiliza."

Didier alicheka jikoni. Mimi sikucheka. Nilimjua Papa. Jina likitolewa na babu mwingine, asingepiga kelele. Angesema "bon", yaani haya basi, na bon ile ingekuwa mwisho. Asingeuliza habari zako tena. Mama yako angekuwa binti aliyechukuliwa bila kuagwa, wewe ungekuwa mtoto wa watu, na mimi ningekuwa ninapita katikati ya nyumba mbili zisizojuana. Mama tulikuwa tumekwisha kumpoteza. Niliona kabisa namna tutakavyopotezana na sisi tuliobaki, polepole, kwa heshima, bila mtu kutukana mtu.

Basi nilibeba sentensi ile mpaka Anderlecht. Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafu. Nikamkuta Papa amelala. Nikamkuta Papa anakula. Nikamkuta Papa yuko macho kabisa, ameketi, hana kazi, nikaenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Sasa, mwaka huo madame wa jiografia alikuwa ametuchagulia miji ya bandari. Karatasi ziliwekwa kwenye kofia, kila mtu anachota mji wake, anausoma vitabuni, kisha anausimulia mbele ya darasa. Wengine walichota Lisboni, Marseye. Mimi nilichota Bergen. Nilidhani ni mji mwingine wenye jina hilo, wa hapa hapa Ubelgiji, kwa sababu stesheni ya Midi jina hilo limeandikwa kwenye ubao, na nikashangaa bahari imefikaje huko. Madame akanionyesha kwenye ramani: juu, juu kabisa, Norwe, mahali pamekatwakatwa kama kitambaa kilichoshikwa na mbwa.

Usifikiri nilifurahi. Kusimama mbele ya watu kwangu ni homa. Lakini maktaba ya komini ilikuwa na joto, na mtu akiwa na kitabu kikubwa mbele yake hakuna anayemuuliza kwa nini yuko peke yake. Nikakaa na Bergen wiki nyingi. Nikaanza kuupenda mji ule kama unavyompenda mtu unayekutana naye kila siku kwenye kituo bila kumsalimia. Ni mji ambao mvua inanyesha karibu kila siku. Milima imeuzunguka kutoka nyuma, bahari imeuingia kutoka mbele, na nyumba za mbao nyeupe zimepanda milimani zikishikana. Zamani wafalme waliishi pale. Na kwenye gati, mpaka leo, iko safu ya nyumba ndefu za mbao, nyekundu na za rangi ya haradali, zimeinamiana kama wazee waliochoka kusimama. Hizo ndizo zilizonikamata. Hizo zilikuwa za Wajerumani, wafanyabiashara wa zamani.

Jumamosi ile ya mvua nilikuwa nasoma kazi yangu chumbani. Papa akaita kutoka sebuleni:

"Aline! Unaongea na nani kule?"

"Na ukuta, Papa."

"Njoo uongee na mi. Ukuta hautakupa pointi."

Nilipotoka nilimkuta anavaa koti lake la ualimu, lile la kijivu, juu ya fulana ya kulalia. Akaketi, akaweka mikono juu ya katoni tuliyoifanya meza. Sikuwa nimemwona hivyo tangu Bukavu.

"Bon. Darasa linasikiliza."

Nikaanza na milima na mvua.

"Sauti! Ule wa nyuma hajasikia."

Nyuma yake kulikuwa na friji tu. Nikapandisha sauti. Nikasoma kwamba watu wa Bergen wanajisikia sana. Ukimuuliza mmoja wao kama ni wa Norwe anakujibu hapana, mimi ni wa Bergen.

Papa akapiga katoni kwa kiganja. "Ni bantu ya Bukavu bale!" Kwamba hao ni watu wa Bukavu hasa.

Alicheka, mwanangu. Mimi nikasahau homa yangu. Nikasoma habari za samaki wa kaskazini wanaoanikwa kwenye miti, wanakaushwa na upepo wa baridi mpaka wanakuwa wagumu kama kuni.

"Makayabu," Papa akasema.

"Hapana, Papa. Makayabu yanatiwa chumvi. Hawa ni upepo tu."

"Haya. Endelea, professeur."

Wavuvi waliwaleta samaki hao kwa mashua mpaka Bergen, na Wajerumani wakawachukua na kutoa nafaka, kwa sababu mji ule haukuweza kulima ngano ya kuutosha. Wajerumani walikuwa wameshika gati upande mmoja. Wanaume peke yao. Wavulana wa umri wangu waliletwa kwa meli kutoka Lübeck na miji mingine, kuja kujifunza kazi. Mgeni wao walimkaribisha kwa kumning'iniza kwenye moshi na kumtupa baharini, waone kama ana roho ngumu. Walikula pamoja, walilala pamoja, walisali kwa Kijerumani. Na hawakuruhusiwa kuoa.

"Kwa nini?" Papa akauliza, kidole juu, sauti ya mtu anayejua jibu na anataka kuona kama wewe unalijua.

"Wakubwa wao waliogopa siri za biashara zitatoka. Na mwanaume akioa, mji unamshika. Harudi tena kwao."

"Exact! Mji unamushika." Akatingisha kichwa kwa kuridhika. "Bantu bale walikuwa na akili. Umeona? Muntu mwenye atarudi kwao hafungui mizigo njiani."

Nikaendelea. Nikasoma kwamba katika nyumba zile ndefu ilikuwa marufuku kuwasha moto. Mbao zimesongamana, cheche moja ingekula gati lote. Kwa hiyo hakuna jiko, hakuna kipasha joto, hakuna mshumaa.

"Hata taa?"

"Hata taa, Papa. Na huko mwezi wa kumi na mbili jua linaonekana kidogo tu halafu linaondoka. Nyuma ya nyumba zao kulikuwa na jumba moja la moto, la kupikia na kuota pamoja. Wakitoka pale wanarudi gizani kulala."

"Kwa muda gani?"

"Karibu miaka mia nne."

"Muntu mmoja?" Alijaribu kutania, lakini sauti haikumfuata.

"Wakibadilishana. Wengine walikuja watoto wakaondoka wazee. Wengine hawakuondoka."

Papa alitazama dirisha. Pazia hatukuwa nazo, kwa hiyo uliona mvua yote. Mimi nilikuwa nimefika kwenye mistari ambayo, nikuambie ukweli, niliiandika nikiwa nafikiri habari zako. Nikaisoma: kwamba pamoja na sheria ile, watoto walizaliwa mjini, upande wa pili wa maji, na kitabu hakisemi baba zao waliwaita nani. Halafu, bila kuinua macho kwenye karatasi, kama vile ni mstari unaofuata, nikasema:

"Papa, Bebe wa yaya anabatizwa Jumapili ya wiki ijayo. Kama hujampa jina, papa ya Didier atampa."

Friji ilizimika yenyewe, kama inavyofanyaga.

"Donc, kwa hiyo," Papa akasema, "hii yote, milima, samaki, Wajerumani, ilikuwa njia ya kufika pale."

"Hapana, Papa."

"Mi nilifundisha historia mbele wewe uzaliwe. Muntu akinizunguka namujua."

Akavua koti la ualimu, akavaa la mvua, akatoka. Nilisikia miguu yake kwenye ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, kwa sababu lifti ilikuwa imekufa. Nikabaki nimesimama mbele ya darasa lisilo na mtu.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Alinisalimia, nilimwitikia. Alikula, aliniambia aksanti. Shuleni nilisimama mbele ya darasa, nikasoma mpaka mwisho. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Na wasichana walikuwa wapi?" darasa likacheka, na sijui nani alinipa ujasiri, nikajibu, "Upande wa pili, nyumba zenye moto." Wakacheka tena, safari hii pamoja nami. Madame alisema ni vizuri sana. Nilipanda tramu mwili mwepesi, nikitafuta nani nitamwambia. Nikafungua mlango, Papa amelala. Nikakisimulia kitanda cha Clarisse. Unaona mahali nilipokuwa nimefika.

Kwa mama yako sikwenda Jumatano ile. Ningemwambia nini?

Ikafika Jumamosi, kesho yake ni ubatizo. Mchana nilimkuta Papa ameketi sebuleni, amenyoa ndevu, redio imezimwa.

"Aline. Ile kazi yako ulikuwa hujamaliza."

"Nilishaisoma shuleni, Papa. Nilipata pointi nzuri."

"Mi sikusikia mwisho. Bale Wajerumani, mwisho wao ulikuwa nini?"

Karatasi sikuwa nazo. Nikasimulia kwa kichwa. Nikasema kwamba pamoja na marufuku yote mji uliungua, ukaungua tena, na kila mara walijenga vile vile, nyumba zile zile ndefu, vichochoro vile vile vya mbao. Nikasema kwamba mwishowe mmoja alikwenda kuapa kuwa raia wa Bergen, akaoa. Halafu mwingine. Hapakuwa na siku kubwa. Ofisi yao ikafungwa kwa sababu Wajerumani wenyewe walikuwa wamekwisha kuwa watu wa pale. Kanisani waliendelea kusikia mahubiri ya Kijerumani miaka na miaka, na nje wajukuu wao wanacheza kwa Kinorwe.

"Na siku gani walijua?"

"Walijua nini, Papa?"

"Kama hawatarudi."

"Kitabu hakisemi."

"Hakiwezi kusema." Akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayetoka usingizini. "Leta koti yako."

Tukapanda tramu. Papa alikuwa amevaa koti la ualimu na tai. Sikuthubutu kuuliza tunakwenda wapi, ingawa tramu ya Berchem haiendi mahali pengine.

Nyumba yenu iko ghorofa ya pili, unajua, na mbele ya milango kuna kile kijumba cha ngazi chenye taa ya kubonyeza, inayowaka kidogo halafu inazimika yenyewe. Nilibonyeza, tukapanda, tukagonga. Didier alifungua na kitambaa cha vyombo begani. Alipomwona Papa, kicheko chake chote kilipotea.

"Papa. Kari..." Akanyamaza, kwa sababu na yeye ni mtoto aliyelelewa.

"Siingii," Papa akasema.

"Najua, Papa."

"Mambo yetu mi na wewe tutaongea siku yake. Leo sikuja juu ya ile."

"Ndiyo, Papa."

Didier akaingia ndani. Nikadhani yamekwisha. Akarudi na kiti, akakiweka nje ya mlango, mgongo ukutani, akakipangusa kwa kitambaa kile cha vyombo, akarudi nyuma mpaka jikoni na kuuacha mlango wazi nusu. Siku hiyo ndipo nilipoanza kumheshimu baba yako.

Papa akaketi kwenye kiti kile, pale kwenye ngazi, kati ya baiskeli ya mtu na mlango wa jirani. Mama yako akatoka amekubeba. Alikuwa na rola za nywele upande mmoja, kwa ajili ya kesho. Hakulia, alipiga magoti kidogo tu na kukuweka kwenye mapaja ya Papa. Wewe ukamshika tai ukaitia mdomoni.

Taa ikazimika.

"Aline, bonyeza," Papa akasema gizani.

Nikabonyeza. Akakuwekea kiganja kichwani. Akaanza kujitaja: yeye, baba yake, baba wa baba yake, kwa ile sauti ya darasani, ya kufika mpaka kwa wa nyuma. Mama mmoja Mbelgiji akapanda na mfuko wa majani ya vitunguu, akatukuta tumeziba njia.

"Bonsoir."

"Bonsoir, madame," Papa akajibu, akavuta miguu, madame akapita. Akaendelea pale pale alipoachia, babu mwingine, na mwingine. Taa ikazimika tena. Hakusimama. Alisema majina mengine gizani, na nilichelewa kubonyeza kwa sababu macho yangu yalikuwa na kazi nyingine.

Taa ilipowaka alikuwa anakutazama.

"Unaitwa Nsimire," akakuambia. "Ni jina la mama yangu. Nilikuwa naliweka kwa mutoto atazaliwa kwetu." Akaitoa tai mdomoni mwako. "Umezaliwa. Bon."

Mama yako akajaribu: "Nsimire." Hukugeuka. "Nsimire, wee!" Hukugeuka. Akasema "Bebe," ukageuka mara moja. Kutoka jikoni tukasikia Didier ameshindwa kujizuia, na Papa akasema, "Atazoea," na yeye mwenyewe midomo ikimcheza.

Tuliporudi, tramu ilikuwa karibu tupu. Nilidhani nitasifiwa. Papa akaweka mkono kwenye goti langu.

"Aline. Ile siku ulinikosea."

"Pardon, Papa."

"Hapana juu ya neno. Neno lilikuwa la kweli. Juu ya njia. Ulizunguka kwa bantu waliokufa zamani sana, ili kuniambia habari ya mutoto mwenye iko hapa Berchem. Kwa nini? Mi nakula bantu?"

"Niliogopa, Papa. Sauti yangu ni ndogo."

"Nani alikuambia uiongeze? Sauti ikiwa kidogo, sogea karibu."

Ndiyo karipio lenyewe, mwanangu. Sijapata lingine lililonikaa hivi.

Usifikiri mambo yote yalinyooka. Vita havijaisha. Mahari bado. Papa bado anasema tukirudi, na mimi simkatazi, kwa sababu siku akiacha kulisema sijui atakuwa nani. Nyumbani kwenu hajaingia. Jumamosi anakuja anakunywa chai kwenye ngazi, na yule madame wa vitunguu humuulizia asipomkuta. Na mimi upweke haukuniacha. Nimeuzoea tu, na nimeanza kuwaambia watu wawili watatu kwamba ninao.

Kwa hiyo shika haya, kutoka kwa mama yako mdogo ambaye hajazeeka. La kutendwa hapa, litende hapa. Usiliwekee nchi nyingine wala mwaka mwingine, hata kama mioyo yenu yote iko huko, hata kama kila kitu hakijakaa sawa na wazee hawajatimia. Kitendo kilichofanywa kwenye ngazi ni kitendo. Na ukiwa na neno kwa mtu wako, usilivishe nguo za watu wengine ili asilitambue. Mwendee. Atakasirika, labda atatoka nje mvuani, lakini atakuwa amelisikia kwako wewe, na hicho ndicho kitakachomrudisha. Usisubiri uwe jasiri. Mimi bado nasubiri. Mpunguzie tu mtu huyo umbali, kiti kwa kiti, mpaka hata mnong'ono utoshe.

Nsimire, Mungu akupe wazee wa kukukaripia na wadogo wa kukusumbua. Akupe watu wa kula nao. Popote atakapokupeleka, na sisi hatujui ni wapi, akufikishe moyo na miguu pamoja.